UVIMBE WA OVARI: PICHA YA IRM MBELE YA KUPASULIWA

Mama, kama tumbo lako linakua na huna mimba, somo hili ni lako. Dada, kama nguo zako zinakubana kiunoni nawe hujanenepa, na unashiba nyuma ya matonge mawili tu ya bugali, somo hili ni lako pia. Na wewe baba, usigeuze ukurasa. Mara nyingi ni wewe unayeshika feza za safari, na neno lako linaweza kumfikisha mke wako kwa munganga kwa wakati, au kumchelewesha.

Tutasema juu ya uvimbe wa ovari. Tutasema tena juu ya picha moja inayoitwa IRM, inayomsaidia munganga kujua uvimbe ni wa namna gani mbele hajashika kisu.

Ovari ni nini?

Kila mwanamke ana ovari mbili, moja kuume na moja kushoto, chini kabisa ndani ya tumbo, kando ya kizazi. Si kubwa. Kwa mwanamke ambaye bado anakwenda mwezini, urefu wa ovari ni karibu santimetre 3, kama kiungo cha mwisho cha kidole gumba. Ndani yake mna mayai ya uzazi. Kutoka huko pia inatoka ile dawa ya mwili inayoleta maziwa kifuani mwa msichana na kuamuru damu ya kila mwezi.

Ovari imefichwa sana. Jipu la mguu unaliona siku ya kwanza. Uvimbe wa ovari unaweza kufikia ukubwa wa chungwa, hata wa papai, mwenyewe asijue. Tumbo lina nafasi nyingi, na matumbo yanasogea kuupisha. Kwa hiyo wengi wanafika hospitali wakiwa wamechelewa, na si kwa uzembe.

Si kila uvimbe ni kansere

Neno hili ulishike vizuri, maana woga umewafukuza wanawake wengi mlangoni mwa hospitali. Uvimbe mwingi wa ovari si kansere.

Kuna kifuko cha maji matupu, ambacho kwa mwanamke kijana mara nyingi kinakuja na kwenda chenyewe katika miezi michache. Kuna kifuko cha damu ya zamani, nyeusi na nzito, kinachotokana na ugonjwa unaoleta maumivu makali wakati wa mwezi. Kuna uvimbe mgumu kama mpira, ambao ni nyama ya kamba tupu. Na kuna ule unaotisha watu kuliko yote, kwa sababu munganga akiufungua anakuta ndani yake mafuta, nywele, na mara nyingine meno.

Juu ya huu wa mwisho nataka kusimama kidogo. Watu wakisikia kwamba nywele na meno vimetoka tumboni mwa mwanamke, wanaanza kutafuta nani amemroga. Ndoa zimevunjika kwa ajili ya jambo hili, na bibi wazee wamesingiziwa. Lakini fikiri: yai la uzazi lina uwezo wa kufanya mtu mzima, na ngozi yake, na nywele zake, na meno yake. Mara nyingine yai moja linaanza kazi hiyo peke yake, bila mume, bila utaratibu, na linafanya vipande tu. Hakuna mkono wa mtu hapo. Ugonjwa huu unajulikana katika nchi zote, kwa weupe na kwa weusi, na karibu kila mara si kansere.

Kwa nini tujue mbele ya kisu?

Mtu anaweza kuuliza: “Kama ni lazima kupasuliwa, kwa nini tusipasue tu, tukaona?” Ulizo hili ni la akili. Tulijibu kwa wanawake watatu.

Wa kwanza ni msichana wa miaka 17. Ana uvimbe wa mafuta na nywele. Munganga akijua hivyo, anaondoa uvimbe na kuacha nyama nzuri ya ovari, na msichana ataolewa na kuzaa. Asipojua, akaogopa kansere, anaweza kuondoa ovari yote, hata zote mbili pamoja na kizazi. Ataamka akiwa tasa kwa ajili ya uvimbe usio na hatari ile.

Wa pili ni mama wa miaka 40. Ana kansere changa ambayo bado imefungwa ndani ya kifuko, kama maji machafu ndani ya kibuyu. Kibuyu kikitolewa kizima, hali ni njema. Kikipasuka mikononi mwa mpasuaji, maji yale yanamwagika juu ya matumbo, na wanganga wanaihesabu kansere ile kuwa imesogea mbele. Pengine atahitaji dawa kali ambazo asingezihitaji. Kwa hiyo mpasuaji anayejua anakata njia kubwa ya kutosha na kutoa kifuko bila kukitoboa. Kwa sababu hiyo hiyo, mtu yeyote asikutobolee uvimbe wa ovari kwa sindano ili “kupunguza maji” mbele haujajulikana ni wa namna gani.

Wa tatu ni mama mzee wa miaka 62. Tumbo limejaa maji, na kansere imejipanda kama mbegu juu ya utando wa tumbo. Kazi yake ni ya saa nyingi, inataka mpasuaji aliyezoea kazi hiyo, na damu tayari ya kuongezwa. Pengine ni afadhali apewe kwanza dawa za kansere kwa miezi michache, zipunguze mbegu zile, ndipo apasuliwe. Akifunguliwa katika hospitali ndogo isiyojitayarisha, atafungwa tena na kansere yake ndani. Atakuwa na kidonda kipya, na nguvu zimepungua.

Tumbo la nje la wanawake hawa watatu linaweza kufanana. Kazi ya kila mmoja ni nyingine kabisa.

Namna munganga anavyotafuta

Kwanza anauliza na kupapasa. Kisha anafanya ekografi, ile picha wanayofanyiwa wenye mimba. Ekografi ni njia nzuri, feza zake si nyingi, na kwa wanawake wengi inatosha. Mtu asikudanganye kwamba bila mashine kubwa hakuna kitu kinachojulikana. Mkono uliozoea ekografi unatambua kifuko cha maji matupu mara moja, na hapo huna haja ya picha nyingine.

Kuna pia kipimo cha damu kinachoitwa CA-125. Kinasaidia, lakini kinadanganya kwa pande mbili. Kinapanda kwa kansere, lakini kinapanda pia kwa mimba, kwa ugonjwa wa damu ya zamani tuliousema, na kwa kifua kikuu kilichoingia tumboni. Tena, kwa kansere ambayo haijatoka nje ya ovari, karibu nusu ya wagonjwa hakipandi.

Basi wanabaki wanawake ambao ekografi imeona uvimbe lakini haikuweza kusema ni nini. Hao ndio wanaofaidiwa na IRM.

IRM inafanyaje kazi?

Herufi hizi ni za Kifaransa. Wanaotumia Kiingereza wanasema MRI. Ni mashine ya sumaku. Haitumii mwali kama ile ya radio inayopiga picha ya mifupa, wala haichomi.

Mwili wako una maji mengi, na mafuta. Ndani ya maji na mafuta mna punje za idrojeni, ndogo kupita kuonekana, na kila punje ni kama sindano ya dira. Ukiingia ndani ya sumaku ile, ambayo katika mashine nyingi za hospitali inapita nguvu ya sumaku ya dunia karibu mara 30000, punje zinajipanga kuifuata sumaku. Mashine inatuma mawimbi ya redio, ndugu wa yale yanayoleta habari nyumbani mwako, na punje zinainama. Mawimbi yakinyamaza, zinarudi mahali pake, na katika kurudi zinatoa mawimbi yao madogo. Maji yanarudi kwa mwendo wake, mafuta kwa mwendo wake, damu ya zamani kwa mwendo wake. Mashine inasikiliza na kuchora.

Njia ya kuchora picha hizi ilielezwa na Paul Lauterbur wa Marekani katika mwaka 1973, na Peter Mansfield wa Uingereza aliiendeleza. Mwaka 2003 wote wawili walipewa zawadi ya Nobel kwa kazi hiyo.

Sasa sikia uzuri wake kwa ovari. Katika picha ya namna moja, mafuta yanang'aa meupe na damu ya zamani inang'aa vile vile. Huwezi kuvitenganisha. Ndipo mashine inaamriwa kuzima mafuta. Kama weupe umekuwa giza, ni mafuta, na msichana wetu wa miaka 17 amejulikana. Kama weupe umebaki, ni damu. Uvimbe mgumu wa nyama ya kamba unaonekana mweusi karibu katika kila picha, nao mara nyingi ni wa amani.

Kansere inasongamanisha chembe zake. Maji yaliyo kati ya chembe hayawezi kutembea, kama mtu aliyebanwa sokoni siku ya soko kubwa. Kuna picha ya IRM inayoonyesha mahali maji yameshindwa kutembea.

Mwishoni, mgonjwa anachomwa dawa ya gadolini katika mshipa wa mkono, na mashine inatazama nyama inavyoinywa. Mwaga maji juu ya mchanga wa pwani ya ziwa, kisha juu ya udongo mgumu wa njia. Mchanga unakunywa mara moja; udongo unakunywa polepole. Kansere inajichimbia mishipa mingi mipya, na mingi ya uvimbe wake inakunywa upesi kama mchanga. Munganga analinganisha mwendo wake na mwendo wa ukuta wa kizazi cha mwanamke yule yule. Uvimbe ukinywa upesi kuliko kizazi, anaogopa. Ukinywa polepole sana, moyo wake unatulia.

Hesabu kutoka 1 mpaka 5

Wanganga wa picha wamepatana kutumia hesabu moja. Ukipokea karatasi yako, pengine utaona neno O-RADS na namba pembeni. Namba 1 inasema ovari ni nzima. Namba 2 ni uvimbe wa amani: katika wanawake 1000 wenye namba hii, wenye kansere hawafiki 5. Namba 3 ni kama watu 5 katika 100. Namba 4 ni kama nusu kwa nusu. Namba 5 ni kama 90 katika 100.

Hesabu hii haikubuniwa mezani. Ilijaribiwa kwa wanawake 1340 ambao ekografi ilikuwa imewaacha katika mashaka, katika hospitali 15, na habari zake zilichapishwa mwaka 2020. Picha iliwatambua karibu 93 katika kila 100 waliokuwa na kansere. Hesabu vizuri: maana yake 7 hawakutambuliwa. Kwa hiyo munganga mwenye akili hasomi namba peke yake. Anatazama pia umri wako, damu yako, na habari za jamaa yako. Kama mama yako au dada yako alikufa kwa kansere ya ovari au ya ziwa, mwambie, hata asipouliza.

Kansere zenyewe si za namna moja

Ile inayoonekana zaidi, na inayoua wengi, mara nyingi inaanzia kwenye ncha ya mrija ulio karibu na ovari. Picha inaonyesha nyama ngumu, mara nyingi pande zote mbili, pamoja na maji na mbegu juu ya utando. Ndiyo ya mama mzee wetu.

Nyingine inajaa ute mzito. Kwa kawaida iko upande mmoja, inakuwa kubwa sana, nayo ina vyumba vingi, kila chumba na rangi yake katika picha. Lakini ikiwa pande zote mbili, na si kubwa sana, munganga anashtuka kwa jambo jingine: pengine kansere imetoka tumbo la chakula au utumbo, na imefika ovari kama mgeni. Atapima huko kwanza. Kuondoa mgeni na kumwacha mwenye nyumba ni kazi bure.

Nyingine zinaota ndani ya kile kifuko cha damu ya zamani. Munganga anatafuta kipande cha nyama kilichoshika ukuta wa kifuko na kunywa dawa ya gadolini. Damu tupu hainywi.

Na kuna namna zinazowapata hasa wasichana na wanawake vijana, zenye kukua kwa majuma machache tu. Mzazi akiona tumbo la binti yake linapanda hivyo, asianze kwa kumpiga akidhani ana mimba. Kansere hizi zinatii dawa vizuri kuliko nyingine, na mara nyingi ovari moja na kizazi vinaachwa, naye anazaa baadaye.

Jambo moja zaidi, maana katika nchi yetu ni kubwa. Kifua kikuu kinaweza kuingia tumboni. Mwanamke anakonda, ana homa ya jioni, tumbo linajaa maji, CA-125 inapanda, na picha, hata ya IRM, inaweza kufanana na ya kansere iliyotapakaa. Lakini huyu anahitaji vidonge vya miezi 6, wala si kuondolewa kizazi. Kama umewahi kukaa na mtu mwenye kifua kikuu, sema. Waombe wapime maji ya tumbo, au kipande kidogo cha utando, mbele hawajakuhukumu kuwa na kansere.

Siku ya kupigwa picha

Utalala juu ya kitanda chembamba kinachoingia katika tundu refu. Mashine inapiga kelele kama nyundo juu ya mabati. Watakupa kitu cha kuziba masikio. Utakaa humo karibu nusu saa, mara nyingine zaidi, bila kutikisika. Hakuna maumivu ila ile sindano ya mkono. Kama unaogopa mahali pa kubana, sema mapema. Watakupa kengele ya kushika mkononi.

Acha nje kila chuma: hereni, pete, funguo, simu, pini za nywele, shanga zenye waya. Sumaku haichagui. Ni lazima uwaambie kama una mashine ya moyo kifuani, chuma katika mfupa, au kipande cha risasi au cha bomu mwilini, hata kama ni cha vita vya zamani na kidonda kilipona. Hasa kipande kilicho karibu na jicho. Usione haya, si polisi wanaouliza. Waambie tena kama una mimba au kama figo zako ni mgonjwa, kwa ajili ya ile dawa ya gadolini.

Kama mashine iko mbali

Mashine hizi ni ghali, na katika Kongo hospitali nyingi hazina. Kabla ya kuuza mbuzi kwa ajili ya safari, uliza munganga wako ulizo hili: “Picha hii itabadilisha nini katika kazi utakayonifanyia?” Kama ekografi imeonyesha wazi kifuko cha maji matupu, jibu litakuwa kwamba haibadilishi kitu, nawe utabaki na mbuzi wako. Kama una mbegu za kansere tumboni zinazoonekana wazi, pengine feza zile zitafaa zaidi kwa safari ya kumfikia mpasuaji aliyezoea kansere. Huko skaneri pia inaweza kuonyesha zimefika wapi. Lakini kama uvimbe una mashaka, na bado unatamani kuzaa, safari ya IRM inaweza kukuokolea ovari.

Kuna maumivu yasiyongoja picha yoyote. Ukishikwa ghafula na maumivu makali upande mmoja wa chini, pamoja na kutapika, pengine ovari imejisokota na damu haipiti. Nenda hospitali iliyo karibu saa ile ile, hata usiku.

Ukienda mbali, chukua barua ya munganga wako, picha za ekografi, na majibu ya damu. Ukirudi, dai picha yenyewe pamoja na karatasi yake, uvitunze mahali pakavu. Na nyuma ya kupasuliwa, jamaa wako aulize kwamba kipande kilichoondolewa kimewekwa katika dawa na kutumwa laboratware, wala hakikutupwa. IRM inaonyesha njia, lakini jina la kweli la ugonjwa linasomwa katika darubini ya laboratware. Jibu linaweza kuchukua majuma kadhaa. Hata ukijisikia mzima na kidonda kimefunga, rudi kulichukua, kwa sababu dawa zinazofuata, au kutokuwapo kwa dawa, vinaamuliwa kwa karatasi ile.